Balbu Iliyokufa Irudi Dukani

Ndugu zangu wa Oraba, nanyi jirani zetu wa Kuluba na Koboko mjini, ninawaletea ombi moja tu. Balbu ya nyumbani kwako ikifa, usiitupe shimoni, usimpe mtoto aichezee, wala usiichome pamoja na takataka za ua. Ifunge kwa karatasi, uirudishe kwenye duka ulikoinunua. Nawe mwenye duka, mteja akija na balbu iliyokufa, mpokee vilevile ulivyompokea siku aliyokuja na pesa.

Najua swali litakalofuata: balbu iliyokwisha kufa ina faida gani tena? Kama ni ile ya mrija wa kioo uliokunjwa au kuzungushwa, ambayo wengi tunaiita enagi seva, ndani yake mna sumu ambayo haifai kuingia kwenye udongo wetu. Na iwe ni hiyo au ni LED, ni ushahidi. Ukiitupa, umetupa ushahidi wa pekee ulio nao kwamba uliuziwa kitu kibovu, na kesho jirani yako atauziwa kitu hichohicho.

Sisi watu wa West Nile tumeungoja umeme kwa muda mrefu kuliko wengi. Laini za taifa ziliishia mbali nasi, Arua ikategemea mtambo wa mafuta, halafu mwaka 2012 kikaongezeka kituo kidogo cha maji cha Nyagak kule Zombo, chenye uwezo wa megawati 3.5. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Arua mwaka 2024 tu, kwa laini ya kilovolti 132 inayotoka Kole ikipita Gulu na Nebbi. Hapa kwetu mpakani nyumba nyingi bado zinategemea paneli ya sola iliyo juu ya bati, na wapo ambao jioni huwasha tadooba, yaani kibatari. Watu walioungoja umeme namna hii hawahitaji kuhubiriwa kubana matumizi. Ukitaka kujua bei ya yuniti moja, muulize mama anayeingiza namba za token kwenye mita usiku, huku akimulika kwa simu.

Kwa hiyo balbu hizi si jambo la anasa kwetu. Balbu ya kizamani ya wati 60, ile ya uzi unaowaka kwa joto, ikiwashwa saa tano kila usiku inakula yuniti 9 kwa mwezi. Enagi seva ya wati 14, yenye mwanga unaokaribia kulingana nayo, inakula yuniti 2 na kidogo. LED ya wati 9 haifikishi hata yuniti moja na nusu. Nyumba yenye balbu nne za kizamani inatumia yuniti 36 kwa mwezi kwa taa peke yake. Ikibadilisha zote kuwa LED, inatumia zisizofika 6. Akiba hiyo ni ya kweli. Ila ni ya kweli ikiwa balbu itaishi. Balbu inayokufa baada ya miezi mitatu imeshakula sehemu ya akiba kabla hujaiona.

Enagi seva ziliingia Uganda kwa kishindo mwaka 2007. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya Ziwa Viktoria, mabwawa ya Jinja yakazalisha umeme pungufu, na mgao wa umeme ukawa mzito. Serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ikagawa takribani balbu 800,000 kwa wateja wa kampuni ya Umeme. Utaratibu ulikuwa wa kubadilishana: lete ya zamani, chukua mpya. Sisi wakati huo hatukuwa kwenye gridi hiyo. Kwetu zilifika kwa njia ya biashara, katoni kwa katoni. Lakini nataka tuukumbuke ule utaratibu wa kubadilishana, kwa sababu unaonyesha kwamba Mganda anaweza kabisa kurudisha balbu akiambiwa wapi na kwa nini. Tatizo ni kwamba zile mpya zilipofikia zamu yao ya kufa, hakuna aliyesimama mlangoni kuzipokea.

Na hizo ndizo zilizostahili kupokewa kuliko zile za kwanza. Ndani ya mrija wa enagi seva mna mvuke wa zebaki. Umeme unapopita, mvuke huo hutoa miali ambayo jicho haliioni, nao unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza miali hiyo kuwa mwanga. Bila zebaki, balbu hiyo haiwaki. Kiasi chake ni kidogo, miligramu chache, kwa kawaida zisizozidi 5. Zebaki hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na hasa huwadhuru watoto wachanga na walio tumboni.

Asishtuke basi mama ambaye moja imemvunjikia leo asubuhi. Balbu moja iliyovunjika kwenye chumba chenye hewa haiui mtu. Toa watoto nje, fungua mlango na madirisha, ondoka mle ndani kwa robo saa. Ukirudi usishike ufagio. Ufagio hutawanya unga na vipande, na ile zebaki hubaki kwenye nyuzi zake, ukaipeleka chumba cha pili. Kusanya vipande kwa kadi mbili ngumu, kama za boksi la sabuni; vile vidogo vinase kwa utepe wa gundi, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji. Vyote, pamoja na kitambaa, vitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, uiweke nje mahali mtoto hafiki, mpaka utakapoipeleka. Nawa mikono. Imekwisha.

Kinachonitia wasiwasi ni shimo. Ua mmoja hutupa moja, ua wa pili moja, duka hutupa katoni iliyovunjikia kwenye lori, halafu Jumamosi mtu anawasha moto. Zebaki ikipata joto huruka na moshi, na watoto wako hapohapo wakiota moto au wakitafuta chuma cha kuuza. Inayobaki husombwa na mvua hadi mabondeni, na maji ya West Nile yote mwishowe huenda Nile. Ndani ya maji, vijidudu huigeuza kuwa aina kali zaidi, inayojilimbikiza kwenye samaki. Dunia ilijifunza hili kwa machungu katika ghuba ya Minamata, Japani, ambako kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Watoto walizaliwa na ulemavu kwa mama ambao wenyewe walionekana wazima. Kiasi kilichomwagwa kule hakifanani hata kidogo na kilichomo kwenye balbu zetu, na sitaki mtu alale akiogopa taa yake. Lakini hakuna sababu ya sisi kuanza kujilimbikizia sumu kwa vijiko, wakati njia ya kuizuia ni kurudi dukani na kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

Kutokana na kisa kile, mataifa yaliafikiana mwaka 2013 juu ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na Uganda iliuridhia mwaka 2019. Mwaka 2022 nchi wanachama, zikiongozwa kwa sauti kubwa na nchi za Afrika, ziliamua kwamba enagi seva za nyumbani, zile zenye kila kitu ndani yake na zisizozidi wati 30, zisitengenezwe wala kusafirishwa baada ya mwaka 2025. Zile tyubu ndefu za madarasani na zahanati nazo zimepewa mwisho wake, mwaka 2027.

Hapa ndipo Oraba inapohusika kuliko mji mwingine wowote wa ukubwa wake. Bidhaa iliyokataliwa kwingine haifi. Hutafuta soko ambako wanunuzi hawaulizi. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko inaishia kwetu, na ng'ambo ni Kaya, halafu Yei. Wateja wetu wanatoka Sudan Kusini, wanatoka Kongo, wanatoka kambi ya wakimbizi ya Lobule. Mtu anayefunga safari ya Yei na katoni ya balbu begani hatarudi kesho kulalamika kwamba nusu yake haziwaki. Tukikubali kuwa mlango wa kupitishia enagi seva za mwisho mwisho na LED za kuigiza, tutakuwa tumewauzia hasara watu ambao wengi wao ni ndugu zetu wa damu, Wakakwa wa upande huu na wa upande ule.

Sasa nizungumzie LED, maana ndiko tunakoelekea, na ndiko udanganyifu ulikohamia. LED yenyewe ni kazi nzuri ya akili ya binadamu. Wanasayansi watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, mzaliwa wa Japani aliyechukua uraia wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua ile ya buluu iliyowezesha mwanga mweupe. Haina zebaki. Iliyotengenezwa vizuri huishi saa 15,000 au zaidi. Kwa saa tano za kila usiku, hiyo ni miaka minane. Ya kizamani iliishi saa 1,000. (Na hata hizo 1,000 zilikuwa na hila ndani yake: mwaka 1924 viwanda vikubwa vya balbu vya Ulaya na Marekani viliunda umoja ulioitwa Phoebus, vikakubaliana kufupisha maisha ya balbu hadi saa hizo, na aliyetengeneza inayodumu zaidi akatozwa faini. Kwa hiyo anayeshuku kwamba balbu inaweza kutengenezwa ili ife mapema, hajapungukiwa akili.)

Basi kwa nini LED nyingi hapa kwetu hazimalizi hata mwaka? Kinachokufa mara nyingi si vile vitone vya njano vinavyotoa mwanga. Ni ile saketi iliyofichwa shingoni, inayoupunguza umeme wa volti 240 na kuunyoosha. Mtengenezaji anayetaka kuuza kwa bei ya chini anaanza kuiba hapo: anaweka kapasita dhaifu, anaondoa kinga ya umeme unaoruka, anapunguza bati la kutolea joto. Umeme wa mwisho wa laini ndefu kama yetu hushuka jioni watu wote wakiwasha, na hupanda ghafla unaporudi baada ya kukatika. Saketi dhaifu haivumilii hilo. Ukiongeza joto la chumba cha bati, au balbu iliyofungiwa ndani ya kikombe cha kioo kisichopitisha hewa, umeifupishia maisha zaidi. Ndiyo maana nashauri umeme ukikatika, uzime swichi za taa, uache moja tu ya kukuambia umerudi.

Kuna hatari mbili ambazo wazazi na mafundi wazijue. Ya kwanza ni LED iliyovuliwa kofia yake ya plastiki, au zile zinazouzwa bila kofia, zenye vitone vilivyopangwa nje kama punje za mahindi. Katika balbu nyingi za bei ya chini, hakuna kinachotenganisha vitone hivyo na umeme wa ukutani. Kuvigusa taa ikiwaka ni kama kugusa waya ulio wazi. Mafundi wetu wa kando ya barabara wana ustadi wa kufufua LED kwa kuruka kitone kilichoungua, na siwalaumu, wanaokoa pesa za watu. Ninachowaomba ni kwamba kofia irudishwe na ifungwe imara kabla balbu haijatoka mezani, na kama kofia imepotea, balbu hiyo isiuzwe.

Ya pili inatokana na sola. Balbu ya volti 12 ya betri na balbu ya volti 240 ya laini mara nyingi zina shingo moja, zinaingia holda moja. Nyumba iliyo na sola kwa muda mrefu, siku inapoungwa kwenye laini, hubaki na balbu za zamani kwenye droo. Mtoto akichukua ile ya volti 12 akaiweka kwenye holda ya laini, inaweza kupasuka au kuwaka moto papo hapo, na sisi tunaoishi chini ya nyasi tunajua moto wa paa hauna subira. Fundi anayeunga nyumba mpya asiondoke kabla ya kuzitenga hizo balbu na kuziandika. Nazo zile balbu za chaji, zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika, zina betri ndani: ikivimba au ikinuka, itoe, usiichome.

Unapokuwa dukani, usikimbilie wati. Wati ni kinachotumika, si kinachopatikana, na ndiyo namba inayodanganywa kuliko zote. Tafuta lumeni, yaani wingi wa mwanga. Balbu ya kulinganishwa na ile ya wati 60 ya zamani huwa na kama 800. Tafuta volti: iliyoandikwa kwamba inavumilia kuanzia 100 au chini yake hadi 265 itatufaa kuliko iliyoandikwa 220 hadi 240. Ipime mkononi, iliyo nyepesi kupita kiasi haina bati la kutolea joto. Mwombe mwenye duka aiwashe, kisha itazame kupitia kamera ya simu yako. Ukiona mistari myeusi inatembea juu ya picha, mwanga huo unapepesa hata kama jicho halioni, na mtoto atakayesomea hapo anaweza kuumwa kichwa. Hiki si kipimo cha maabara, lakini kitakuonyesha zile mbovu kabisa. Halafu omba risiti.

Ukifika nyumbani, fanya jambo moja dogo ambalo kwangu ndilo kiini cha wito huu. Chukua kalamu isiyofutika, andika kwenye shingo ya balbu mwezi, mwaka na herufi mbili za jina la duka. Basi. Siku itakapokufa, hutahitaji kubishana na mtu kwamba uliinunua lini.

Na ninyi wenye maduka, wekeni vitu viwili: boksi na daftari. Boksi liwe gumu, liwekwe juu, na enagi seva zilazwe humo nzima zikiwa zimefungwa, pasiwe na mtu wa kuzibonyeza ili ziingie nyingi. Daftari liwe la kawaida la shule. Andika aina ya balbu, ilinunuliwa lini, imekufa lini. Baada ya miezi michache utakuwa na elimu ambayo hakuna tangazo linaloweza kukupa: ni aina gani inadumu kwenye umeme wa Oraba hasa, si kwenye maabara ya nchi nyingine.

Nasikia mwenye duka akisema, nitamlipa kila mtu balbu mpya, nile nini? Hoja yake ni ya haki, na sitaki mzigo wote umwangukie yeye, maana naye aliuziwa Arua. Lakini tazama anavyokwenda kwa muuzaji wa jumla leo: anakwenda na malalamiko. Akienda na daftari lenye balbu arobaini zilizokufa kabla ya waranti kwisha, na boksi lenye balbu zenyewe, anakwenda na hesabu. Wakienda watano pamoja, muuzaji wa jumla ataanza kumuuliza mwagizaji wake. Sheria iko upande wao: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa iwe na ubora unaoridhisha na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Tena Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, linataka bidhaa nyingi za umeme zinazotoka nje zikaguliwe kabla ya kusafirishwa, na zije na cheti. Muuzaji wa jumla aombwe kuonyesha cheti hicho. Asipokuwa nacho, tununue kwa mwenye nacho, na UNBS waambiwe.

Kwa upande wa mteja, tukubaliane pia kwamba tusiwe wadhalimu. Balbu iliyoishi miaka minne imemaliza deni lake. Irudishe kwa ajili ya boksi, usidai mpya.

Ofisi ya wilaya ya Koboko inayoshughulikia mazingira ninaiomba jambo lenye tarehe: kila baada ya miezi mitatu, gari moja lipite Oraba, Kuluba na mjini, lichukue maboksi hayo na kuyafikisha kwa wenye leseni ya kushughulikia taka hatari. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 imeshaweka msingi. Kinachokosekana ni gari na mtu wa kusaini. Mpaka hapo, wenyeviti wa vijiji, yaani LC1, wanaweza kutenga chumba kimoja kikavu chenye kufuli. Walimu wakuu waanze na shule zao, kwa sababu madarasani ndiko kuliko na tyubu ndefu, na kila tyubu inayotolewa huegeshwa ukutani hadi mpira unapoiangusha. Wachungaji, mapadre na maimamu, ninawaomba dakika mbili baada ya ibada, mkiwa mmeshika balbu mkononi ili watu waone ni ipi inayozungumziwa. Tangazo litolewe kwa Kikakwa, kwa Kilugbara, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba, maana wanunuzi wetu ndio hao.

Mwenye duka atakayekuwa wa kwanza kuweka boksi, aandike kwenye kadi na kuibandika mlangoni: hapa tunapokea balbu zilizokufa. Sisi wengine tuanze kununua kwake.